Plagi Nayo ni Maandishi, Tujifunze Kuyasoma

Mdharau mwiba, walisema wahenga, mguu huota tende. Katika injini ya petroli mwiba huo ni plagi: kidude kisichozidi urefu wa kidole, ambacho mwenye gari hukikumbuka siku gari linapokataa kuwaka, na mwendesha bodaboda hukilaani pikipiki inapozimika katikati ya mlima, abiria akiwa nyuma yake. Bei ya plagi ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya injini yenyewe, na labda hiyo ndiyo sababu hununuliwa bila maswali. Mnunuzi hufika dukani akasema, "Nipe plagi ya pikipiki," naye muuzaji hunyoosha mkono rafuni. Biashara imekwisha. Hapana hata mmoja kati yao aliyeyasoma maandishi yaliyochapwa juu ya kauri nyeupe ya kifaa hicho.

Maandishi hayo ndiyo yanayonishughulisha leo, mimi ambaye kazi yangu ni kufundisha isimu wala si umakanika. Nadai kwamba plagi ni matini kamili, yenye sarufi yake na maana zake, na kwamba kutoijua sarufi hiyo kunawagharimu watu wetu fedha na riziki. Fauka ya hayo, nadai kwamba ujuzi huu unaweza kufundishwa kwa Kiswahili fasaha kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kusubiri kamati yoyote ituundie istilahi. Msomaji na ahukumu mwenyewe akifika tamati.

Tuanze na kazi ya kifaa chenyewe. Katika injini ya mipigo minne, pistoni hushuka ikivuta mchanganyiko wa hewa na petroli, hupanda ikiugandamiza, hushuka tena kwa nguvu mchanganyiko huo unapowaka, kisha hupanda mara ya pili ikiutoa moshi. Plagi ndiyo inayowasha. Umeme wa betri, ambao ni volti 12 tu, hukuzwa na koili hadi ukafika volti 10,000, na mara nyingi 20,000 na zaidi, ndipo ukaweza kuruka pengo jembamba lililo kati ya ncha mbili za chuma na kutoa cheche. Injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi hutoa cheche 1,500 katika dakika hiyo, yaani 25 kwa kila sekunde. Si ajabu basi kwamba ncha zake hulika, pengo likapanuka, na cheche ikadhoofika. Hapo ndipo injini huanza kumisi, kama wasemavyo mafundi wetu, petroli ikaliwa bure na nguvu zikapungua.

Jina la kifaa hiki lina kisa chake. Waingereza walipokitazama waliona kizibo kinachoziba tundu la silinda, wakakiita hivyo, nasi tukalipokea neno lao tukalitia irabu mwishoni likawa plagi. Mataifa mengine ya Ulaya hayakuona kizibo, yaliona mshumaa. Mfaransa hukiita bougie, neno ambalo asili yake ni jina la mji wa bandari wa Bougie nchini Algeria, ambao siku hizi huitwa Béjaïa, kwa kuwa nta ya mishumaa ilisafirishwa kutoka huko hadi Ulaya. Mjerumani husema Zündkerze, yaani mshumaa wa kuwashia. Mwitaliano husema candela na Mreno vela, na yote mawili ni mshumaa. Waarabu nao hulitumia neno lao sham'a, ambalo ndilo lililotuzalia sisi mshumaa. Kumbe lau tungalipokea gari kupitia Muscat badala ya London, huenda leo fundi angesema, "Leta mshumaa mpya." Hakuna aliyekosea. Kila lugha ilichagua upande mmoja wa kitu ikaupa jina, na pande nyingine zikabaki gizani.

Kubaki gizani huko kuna madhara yake. Katika gereji zetu neno plagi limebeba mizigo mitatu. Kuna plagi ya ukutani ya kuchomekea pasi, kuna plagi ya injini ya petroli, na kuna ile ya injini ya dizeli. Hizi mbili za mwisho zinafanana kwa jina na mahali zinapofungwa, lakini kazi zake ni mbalimbali. Injini ya dizeli haihitaji cheche. Hewa hugandamizwa ndani yake hadi ikapata joto la kuiwasha dizeli pindi inaponyunyizwa. Plagi yake ni kipasha joto tu, kinachosaidia injini kuwaka asubuhi ya baridi. Mwanafunzi anayeandika kwamba plagi ya dizeli hutoa cheche hajakosea fizikia pekee. Ametegwa na polisemia. Mwalimu wa lugha aliye makini angemtegua mapema kwa swali moja: Unasema plagi ipi?

Sasa tuyasome maandishi. Chukua plagi ya kampuni ya NGK ya Japani yenye alama BPR6ES, ambayo imetumika katika magari mengi sana ya petroli. Herufi B yasema kipenyo cha hesi, yaani mikato ya mviringo inayoshikana na kichwa cha silinda, ni milimita 14. P yasema kauri imechomoza mbele ya ukingo wa chuma. R yasema ndani yake mna kikinza umeme, cha kuzuia cheche isivuruge redio na kompyuta ya gari. E yasema urefu wa hesi ni milimita 19. S yasema ncha ni ya kawaida, yenye kiini cha shaba. Kila herufi ni mofimu, naam, na kila mofimu ina nafasi yake, kama vile katika kitenzi "hatukuwaona" ambapo huwezi kuhamisha kiambishi hata kimoja ukabaki na maana ile ile. Ukiona D8EA, ambayo ni plagi ya pikipiki maarufu ya Honda CG125, utajua mara moja kwamba hesi ni za milimita 12, kwa kuwa D imechukua nafasi ya B. Yeyote atakayejaribu kuilazimisha katika tundu la milimita 14 hatahitaji kufundishwa zaidi.

Nimeiacha tarakimu makusudi, kwani ndiyo inayowapoteza wengi. Tarakimu 6 katika BPR6ES huonyesha kiwango cha joto. Mafundi huzungumza juu ya plagi ya moto na plagi ya baridi, na wanaowasikiliza hudhani kwamba plagi ya moto hutoa cheche kali zaidi. Sivyo. Tofauti iko katika kasi ya plagi kuliondoa joto kwenye ncha yake na kulipeleka katika kichwa cha silinda. Yenye pua ndefu ya kauri hulishikilia joto muda mrefu, ikaitwa ya moto. Yenye pua fupi huliachilia haraka, ikaitwa ya baridi. Ncha hufanya kazi vyema ikiwa na joto la kati ya nyuzi 450 na 850 hivi za selisiasi. Chini ya hapo masizi hayaungui, nayo hujikusanya hadi umeme ukapata njia ya mkato na cheche ikakosekana. Juu sana ya hapo ncha yenyewe huwa kaa la moto linalowasha petroli kabla ya wakati wake, na pistoni huweza kuyeyuka. Kwa hivyo chaguo la tarakimu si suala la kupenda.

Katika hesabu ya NGK, na ya Denso pia, tarakimu ikipanda plagi huwa ya baridi zaidi. Katika hesabu ya Bosch na Champion, tarakimu ikipanda plagi huwa ya moto zaidi. Plagi zinazokaribiana sana na BPR6ES huitwa W20EPR-U kwa Denso, WR7DC kwa Bosch na RN9YC kwa Champion. Tazama tarakimu hizo: 6, 20, 7 na 9, ilhali joto linalokusudiwa ni moja. Wanafunzi wa isimu hufundishwa mapema kwamba, kwa mujibu wa Ferdinand de Saussure, uhusiano kati ya alama na kinachoashiriwa ni wa kinasibu, umeshikiliwa na mapatano ya jamii tu. Wengi hulikariri wazo hilo kwa ajili ya mtihani. Fundi anayeondoa plagi ya kampuni moja yenye tarakimu 7 akatia ya kampuni nyingine yenye tarakimu 7 analijifunza kwa gharama ya injini. Kila kampuni ni jamii ya lugha, nayo ina mapatano yake. Hakuna budi kutumia jedwali la visawe, yaani orodha ya ulinganisho inayotolewa na watengenezaji.

Yampasa mnunuzi, basi, kufuata mpangilio. Kwanza atazame kitabu cha gari au cha pikipiki na anakili alama iliyomo. Pili ahakikishe kipenyo na urefu wa hesi vinalingana. Hesi ndefu kupita kiasi huweza kugongwa na pistoni. Fupi kupita kiasi huacha hesi za silinda wazi zikajaa masizi, na cheche ikatokea mahali pasipofaa. Tatu atazame kiwango cha joto, akumbuke jedwali. Ndipo afikirie madini ya ncha. Plagi za kawaida zenye ncha ya nikeli hubadilishwa kila baada ya kilomita 20,000 hadi 40,000 hivi katika magari, na mapema zaidi katika pikipiki. Zile za platini na iridi hudumu muda mrefu zaidi, nyingine zikafika kilomita 100,000, kwa sababu madini hayo hayaliki upesi: nikeli huyeyuka katika nyuzi 1,455, platini katika 1,768 na iridi katika 2,446. Bei yake nayo ni ya juu. Injini iliyoundwa kwa ajili ya plagi za kawaida haipati nguvu mpya kwa kuvikwa iridi. Inachopata ni muda tu.

Kuhusu kubadilisha, nitaeleza kama ambavyo ningependa kuona imeandikwa ukutani katika karakana za vyuo vyetu. Iache injini ipoe, hasa ikiwa kichwa chake ni cha aluminiamu, kwa maana hesi za aluminiamu moto huharibika upesi. Ng'oa waya kwa kushika kichwa chake wala si kwa kuuvuta waya wenyewe, na ushughulikie silinda moja kwa wakati mmoja ili nyaya zisichanganyike. Puliza vumbi lililozunguka plagi kabla ya kuifungua, lisije likaanguka ndani ya silinda. Fungua kwa spana ya plagi iliyo na mpira ndani, usije ukaipasua kauri. Pima pengo la plagi mpya kwa vibamba vya kupimia: pikipiki nyingi hutaka milimita 0.6 hadi 0.7, na magari mengi yenye mfumo wa kielektroniki hutaka karibu milimita 1.1, ila kitabu ndicho hakimu. Ncha ya iridi ni nyembamba na yavunjika upesi, usiiguse. Kisha ianzishe plagi kwa vidole, mizunguko kadhaa, bila spana. Ikikataa, irudishe nyuma uanze upya, kamwe usiilazimishe. Ikifika mwisho, plagi mpya ya milimita 14 yenye washa bapa hukazwa kwa spana nusu mzunguko hadi theluthi mbili, basi. Mwenye kipimo cha nguvu ya kukaza atumie nyutonimita 25 hadi 30.

Walimu wenzangu, hayo ni maelekezo kamili ya kazi ya ufundi. Ni neno gani lililokosekana? Nimesema hesi, kauri, ncha, pengo, washa, kichwa cha silinda. Mengine ni ya Kiswahili tangu jadi, mengine yamekopwa na kuswahilishwa na watu ambao hawakuomba ruhusa ya mwanaisimu yeyote. Kwa miaka mingi sisi wasomi tumelalamika kwamba Kiswahili kinakosa istilahi za sayansi na ufundi, tukaketi semina baada ya semina tukiunda maneno ambayo hayakufika gerejini. Naamini tumekuwa tukitafuta dawa ya ugonjwa mwingine. Kilichopungua si maneno bali sentensi: maelezo yaliyoandikwa kwa mpangilio, yanayomwambia kijana afanye nini kwanza, nini pili, na kwa sababu gani.

Plagi kuukuu nayo husomwa, tena kwa manufaa makubwa kuliko mpya. Ikitoka na rangi ya hudhurungi iliyopauka au kijivu, injini ni nzima. Ikitoka nyeusi na kavu kama chungu cha jikoni, ama petroli ni nyingi kuliko hewa, ama chujio la hewa limeziba, ama plagi ni ya baridi mno kwa injini hiyo. Ikiwa nyeusi na imelowa mafuta, oili inapenya kupitia ringi za pistoni au kwenye vali, na kubadilisha plagi hakutatibu lolote. Ikitoka nyeupe kama chokaa, ina malengelenge, joto limezidi. Pengine hewa inaingia mahali isipotakiwa na petroli inapungua. Hizi ndizo ambazo katika semiotiki huitwa viashiria: alama ambazo hazikuwekwa na mtu kwa mapatano, bali zimeachwa na tukio lenyewe, kama moshi unavyouashiria moto. Fundi stadi huzipanga plagi nne juu ya kitambaa, akazitazama, akakueleza afya ya injini kabla hajagusa kitu kingine. Huyo ni msomaji, hata kama hakumaliza shule.

Hapo ndipo penye dhuluma inayonikera. Katika karakana zetu kijana mwanagenzi hufundishwa kwa Kiswahili, kwa kuona na kutenda. Mwenzake aliye chuoni husoma na kutahiniwa kwa Kiingereza. Wa kwanza anajua kitu lakini hana karatasi. Wa pili ana karatasi na, mara nyingi mno, hajawahi kuishika plagi iliyolowa oili. Wanapokutana kazini hawaelewani, na kila mmoja humdharau mwenziwe. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kimekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Urasmi huo unatufaa nini ikiwa kijana mwenye ujuzi hawezi kuudhihirisha katika lugha aliyojifunzia?

Najua nitajibiwa. Nitaambiwa kwamba vitabu vya magari huandikwa kwa Kiingereza, na kwamba anayetaka ufundi hana budi kuijua lugha hiyo. Sikatai kwamba Kiingereza kina faida. Lakini plagi tuliyoisoma hapo juu imetoka Japani, na Mjapani aliyeiunda hakusomea kazi yake kwa Kiingereza. Alama BPR6ES yenyewe si Kiingereza wala si Kijapani. Ni msimbo ambao kila mtu hana budi kuelezwa, na maelezo huingia akilini upesi zaidi katika lugha ambayo msikilizaji huiotea ndoto.

Nitaambiwa pia kwamba kosa si la lugha bali ni la plagi bandia zilizojaa madukani. Ni kweli plagi bandia zipo, na Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka wa 2008 haikutungwa bure. Lakini mghushi huishi kwa kutegemea mnunuzi asiyesoma. Aghalabu huacha alama zake: maandishi yaliyopauka au kupinda, ncha isiyo katikati, hesi zenye makwaruzo, boksi lenye msimbo mmoja na plagi yenye msimbo mwingine. Mnunuzi aliyezoea kusoma huyaona hayo kama mwalimu anavyoona insha iliyonakiliwa.

Nina mapendekezo machache, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti ya wizara. Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha uandishi wa maelekezo na aombe plagi kuukuu kutoka gereji iliyo jirani, aipitishe darasani, awatake wanafunzi waandike namna ya kuibadilisha, kisha fundi mmoja aalikwe kusahihisha. Atakayeruka hatua ya kuacha injini ipoe atajua kwamba mpangilio wa aya si pambo. Mwalimu wa ufundi naye na aandike karatasi moja ya Kiswahili ya kila kazi ya karakana na kuibandika ukutani. Nasi wa vyuo vikuu, tuwatume wanafunzi wetu wa isimu gerejini wakakusanye maneno yaliyopo kabla ya kubuni yasiyohitajika. Watayakuta mengi, mengine yenye werevu kuliko ya kamati.

Tundu la plagi likiharibika katika kichwa cha aluminiamu, halirudi kwa maneno matamu. Hutobolewa upya na kutiwa hesi bandia, au kichwa kizima hubadilishwa, na mwenye pikipiki ya mkopo hukaa siku kadhaa bila mapato huku deni likiendelea kuhesabiwa. Yote hayo huzuiwa na sentensi moja: ianzishe kwa vidole. Sentensi hiyo ina maneno matatu, yote ya Kiswahili. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba imeandikwa mahali ambapo mwenye kuihitaji ataisoma.